Sabuni ya Mshubiri

Shangazi ana uso mkavu. Leo ameniletea sabuni ya mshubiri, ati zawadi kutoka Emali. Nimeinusa mara moja tu, nikaenda kuitupa chooni.

Nyanya yangu alikuwa amewekewa betri ya moyo chini ya ngozi, karibu na bega. Ukubwa wake ulionekana, kama kiberiti. Siku moja pale mahali palikuwa pamevimba, pekundu, na nyanya alikuwa akitetemeka juani. Daktari alikuwa ameonya: pakivimba, msiguse, mleteni mbio.

"Daktari anajua nini? Hili ni jipu tu, Mama," shangazi akasema. Alichoma jani la mshubiri kwenye makaa, akalikandamiza pale, kisha akakamua kwa vidole vyote. Nyanya aliuma leso. Usaha ulitoka, na nyuma yake chuma kikang'aa. Mimi nilishika karai.

Hospitalini daktari aliuliza kwa hasira, "Nani ametoboa hapa?"

Shangazi akaninyooshea kidole. "Ni huyu mtoto. Hasikii."

Nyanya alikuwa bado anaweza kuongea. Alinitazama, akamtazama binti yake, akafumba macho.