Pole Niliyoimeza

Mie nina kiherehere, nakiri. Nikikaa mguu unacheza, nikisimama mikono inatafuta cha kushika, na mdomo ndio usiseme. Sasa mtu kama mie ndiye niliyechagua, kwa utafiti wa shahada ya uzamili, kuchunguza jinsi ubongo unavyojizuia. Mume wangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mzima asiyeumwa analala ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo. Mbele ya macho yake yanapita maduara. La bluu, abonyeze kitufe. La njano, azuie kidole. Picha zinaonyesha ni sehemu gani ya ubongo iliyohangaika kukizuia. Sharti lilikuwa kichwa kisitikisike, maana kikisogea kidogo tu picha inaharibika.

Kumpata huyo asiyeumwa ndiyo ilikuwa ishu. Goba ninakoishi nilibisha hodi mpaka nikachoka, jibu lile lile: "Siumwi, nikapimwe nini?" Wa mwisho nilimpata Chamazi, mama muuza vitenge, jirani wa shangazi yangu. Nikampa shikamoo yake, nikala wali wake, nikamweleza, nikamsomea na karatasi ya ridhaa. Akaogopa lile tundu la mashine. Nikamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, nitakuwa na wewe muda wote." Akakubali kwa hilo tu.

Na nilimhitaji, jamani. Picha za waliomtangulia nyingi zilikuwa na ukungu. Msimamizi wangu alishaniambia kwamba nisipomletea za mtu huyu wa mwisho zikiwa safi, nafasi yangu kwenye mashine anapewa mwanafunzi mwingine, na shahada inasogea mwaka mzima.

Asubuhi yenyewe, kabla mama hajafika, fundi wa mashine akanifungulia picha za nyuma. "Sista, angalia. Ukungu unaanza hapa, na hapa, na hapa. Unajua hapo palitokea nini?"

Nikainamia skrini.

"Hapo uliwasha kipaza sauti ukasema pole."

Khaa! Nilitamani kujizaba kibao. Ni kweli, kila baada ya dakika chache nilikuwa nawapa pole kwa kazi, sisubiri hata mashine inyamaze. Wao wanaisikia masikioni, wanajibu asante. Na mtu wa kwetu akipewa pole na kujibu asante, kichwa nacho lazima kiitikie. Miezi yote ile nilikuwa naharibu kazi yangu mwenyewe kwa adabu.

"Leo usiseme kitu," fundi akasema, akakivuta kipaza sauti upande wake.

Mama akaja, akavua hereni na pini za mtandio, akalala. Tukampa mpira mdogo wa kuminya akitaka kutolewa. Mashine ikaanza kugonga. Nikakaa nyuma ya kioo, naona miguu yake tu. Haikunijia hata kidogo kumwambia kwamba leo nitanyamaza.

We acha tu, ile nusu saa sitaisahau. Niliona vidole vya miguu yake vinajikunja, vinakunjuka, vinajikunja tena. Pole ikanijaa mdomoni. Nikauma kanga yangu kama mtoto. Lakini kwenye skrini picha zilikuwa zinakuja safi, safi kabisa, na furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuwa nayo tangu nianze masomo yale.

Akatolewa. Uso umelowa.

"Hongera, mama! Umefanya vizuri mno!"

Alikaa akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nilikuita," akasema. "Kimoyomoyo, maana ulisema nisitikisike. Nikajua umeondoka, umeniacha mle."

"Nilikuwepo, mama. Pale kwenye kioo."

"Mie ningejuaje?"

"Mbona hukuminya mpira?"

"Ningekuharibia kazi."

Nilishindwa kumtazama. Akavaa hereni zake, moja, ya pili, bila haraka. Kisha akasema, "Ile karatasi uliyonisomea, si ilisema mtu akitaka kujitoa anajitoa, na picha zake zinafutwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi zifute."

Nikapiga magoti. Nikamwomba radhi, nikamweleza fundi alichogundua, nikamweleza na habari ya mwaka mzima. Akanishika bega. "Nimekusamehe, mwanangu. Sina kinyongo. Lakini mle ndani nililia, na kilio changu sitaki kibaki kwenye mashine ya watu. Zifute nikiona."

Fundi akajifanya anapanga waya. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Kidole kikanigomea. Mama akasimama nyuma yangu, akasubiri, mpaka nikabonyeza.