Githaiga Alivyofungia Wasifu wa Marehemu

Mpwa wangu Githaiga, mwenye saiba, duka la kompyuta na uchapaji, hapa Ruring'u, amesomea kompyuta miaka miwili mizima. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo shida zake huniletea mimi.

Wiki jana alikuwa anachapa wasifu wa marehemu Mzee Kiragu, aliyeacha wake wawili. Kila nyumba ilimpigia simu ikitaka jina la mama yao litangulie. Githaiga alikuwa ameagizwa na wazee aanze na mke mkubwa. Ili asichezewe, akaingia kwenye ruhusa za faili akaandika kwamba kila mtu amekatazwa kuifungua. Asubuhi ya mazishi kompyuta ikamkatalia hata yeye.

"Mjomba, imenifungia nje! Ibada inaanza saa nne!"

"Umekataza kila mtu," nikamwambia. "Ama wewe ni malaika?"

"Lakini mashine ni yangu!"

"Na faili pia ni yako, ndiyo maana bado unaweza kubadilisha ruhusa zake. Rudi pale pale ufute hilo katazo, profesa."

Akafuta, faili ikafunguka. Kwa furaha akakimbilia duka jirani kununua karatasi, akaiacha wazi kwenye skrini. Wanjugu, binti wa mke mdogo, aliyekuja kuchukua nakala, akakalia kiti chake na kuandika kidogo tu.

Kaburini mke mdogo alisomwa wa kwanza. Wazee wakamgeukia Githaiga, naye akanigeukia mimi. Nikainamisha kichwa, nikaomba kwa bidii.