Mukwa Ulioenda Kwaya

Mimi sikusoma sana, lakini mtu akitaka kunidanganya ninamjua kabla hajafungua mdomo. Mjukuu wangu alipoingia kwaya ya sekondari, nilimshuku mara moja. Anaosha sufuria akiimba, na Jumamosi, siku ya kuchuma majani chai, ananiambia, "Shosho, tuna mazoezi." Mazoezi gani hayaishi? Nikajua kuna mwanaume mahali.

Halafu mukwa wangu ukapotea. Mukwa ni ule mkanda wa ngozi wa kubebea kuni: unapita kwenye paji la uso, mzigo unalala mgongoni. Niliachiwa na mama yangu, na bonde lililochimbwa na ule mkanda liko hapa kwenye paji langu mpaka leo.

Nikamuuliza mjukuu. Akaangalia jiko. "Labda ni panya, shosho."

Panya! Nikaapa nikiukuta kwa mtu, kwaya imeisha, arudi kwenye chai.

Jumamosi iliyofuata nikamfuata mpaka shuleni.

"Mama, unaenda wapi?" askari wa geti akauliza.

"Kushika mwizi."

Mwanaume hakuwepo. Kulikuwa na ukumbi umejaa wasichana, kila mmoja ameshika kitu cha kwao: vyondo, ungo, vibuyu. Nikatambua kibuyu cha jirani yangu, ambaye wiki nzima alikuwa hanisalimii, akidhani mimi ndiye niliyekiiba. Na mjukuu wangu yuko mbele, anaanzisha wimbo wa kuni, mukwa wangu ameuning'iniza begani kama mkoba wa kwenda mjini.

"Nani amewafundisha hivyo?"

Wimbo ukakatika. Mwalimu akasema pole pole, "Samahani, mama, mimi ni mtu wa Pwani. Wao ndio walionionyesha."

"Hawa? Hawa hawajabeba hata ukuni mmoja!"

"Kwetu tunapikia gesi, shosho," mmoja akasema, wakacheka.

Mjukuu wangu hakucheka. "Usinitoe kwa kwaya, shosho. Tulikubaliana kila mtu alete kitu. Ningekuomba ungekataa."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliniudhi zaidi. Alipoanza kulia, wenzake wakaja kusimama nyuma yake na vyondo vyao vya wizi, hakuna aliyewaita. Nikawakagua mmoja mmoja nikitafuta mnafiki. Sikumpata, ingawa nilitafuta sana.

Nikamvalisha mukwa kwenye paji, nikamfungia mzigo wa kuni za jikoni mwa shule. "Inama kidogo. Haya, imba." Sauti ikatoka chini, sauti ya mtu aliyebeba kitu, na wengine wakaipokea.

"Mama, mwalimu sasa ni wewe," yule mwalimu akasema.

Mtu akinisifu hivyo, najua anataka kitu. Alitaka nirudi Jumamosi. Nilirudi, hiyo na zingine zote, na chai ikangoja. Siku ya mashindano ya kwaya nilikaa mbele kabisa na jirani yangu, yeye macho kwa kibuyu, mimi macho kwa mukwa. Tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, lakini macho hatukuyatoa.