Masharti ya Kumhifadhi Wellars

Nina duka dogo la kuchapisha na kutoa nakala hapa Gisenyi, na kwa miaka kumi na minne nimechapisha karatasi za kila aina: mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba. Masharti ya kampuni za filamu za mtandaoni sikuwahi. Nani anayasoma? Watu wanabonyeza "nakubali" na kuendelea na maisha yao, mimi nikiwa wa kwanza. Basi Libérata alipoingia dukani Jumanne moja na kutaka nimchapishie masharti ya kampuni mbili, yote, mwanzo hadi mwisho, nilidhani ananitania. Nilikuwa nimesahau kwamba Libérata hana utani.

"Mama Akaliza, iko makaratasi karibu makumi munane," nikamwambia.

"Chapisha tu, Papa Mwiza. Mi sisomaka sheria ku ekran."

Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na wapo watu mjini ambao hadi leo wanavuka barabara wakimwona. Anasoma kwa rula chini ya mstari na kalamu nyekundu mkononi. Alikaa kwenye benchi ya wateja wangu akaanza pale pale. Akasema nyumbani kwake Nengo kuna kimya kingi, hawezi kusoma. Mimi siku zote nilidhani kimya ndicho kinachofaa kusomea, lakini mimi sijafiwa.

Mumewe, Wellars, alikuwa amefariki miezi minane nyuma. Alikuwa fundi wa friji. Alitengeneza za hoteli za upande huu na za maduka ya Goma, kwa hiyo alivuka mpaka na mkoba wake wa vifaa karibu kila siku ya kazi, na kila mtu pale mpakani alimjua kwa kicheko chake. Binti yao mmoja tu, Akaliza, anaishi Namur, Ubelgiji. Ndiye aliyewatumia tableti yenye laini ya simu na kulipia filamu kila mwezi ili baba yake apumzike.

Ukiifungua hiyo tableti, kampuni inakuuliza kwa Kifaransa nani anatazama, na chini yake kuna majina mawili: Wellars na Libérata. Libérata hakuwa mtu wa filamu. Tangu mazishi, kila siku baada ya chakula cha mchana, aliifungua, akayaangalia yale majina mawili yakiwa yamekaa kando kwa kando, kisha akaizima. Aliniambia hivyo kwa sauti kavu, kama anayetaja anwani yake.

Sasa Akaliza alitaka kuihama kampuni ile na kwenda kwa nyingine. Akamwomba mama yake alinganishe masharti, maana katika ukoo wao mtu wa kusoma ni mmoja. Mtoto hakujua anaomba nini. Akaunti ikifungwa, jina la Wellars linafutwa.

Kwa siku tatu Libérata alisoma kwenye benchi yangu. Majina ya kampuni sitayataja, hawanilipi. Ile ya kwanza, waliyokuwa nayo, inaweza kupandisha bei wakati wowote ikipenda. Inaandika ulichotazama, saa ngapi, dakika ngapi na ukiwa nchi gani, halafu inawagawia "washirika" wake ambao haiwataji. Ukiondoka, inaendelea kukushikilia miaka miwili. Ya pili unaweza kuiacha siku yoyote. Haimgawii mtu mambo yako, haiandiki uko wapi, na siku thelathini baada ya kuondoka inafuta kila kitu.

"Kama ingekuwa kesi, ile ya pili imeshinda," nikasema.

"Imeshinda."

"Donc shida iko wapi?"

Aliweka rula chini. "Ya pili inasahau, Papa Mwiza. Ya kwanza haisahauke kitu."

Alisema hivyo kwa aibu. Miaka ishirini na sita alifungia majalada ya watu kabatini, hata jaji hakuchungulia bila kusaini, na leo moyo wake ulikuwa upande wa kampuni yenye pua ndefu. Nilimhurumia, na kwa kuwa sijui kumhurumia mtu kwa maneno, nilimletea chai.

Ijumaa alipata alichokuwa akitafuta. Ukurasa wa thelathini na moja, masharti ya kampuni ya kwanza yalisema kila mteja ana haki ya kuomba nakala ya yote yaliyoandikwa juu yake. Alipiga mstari mwekundu chini ya sentensi hiyo mara mbili.

"Nikipata Wellars yote ku karatasi," akasema, "Akaliza anaweza funga."

Tuliandika ombi pamoja. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, kupitia barua pepe ya duka langu, kurasa tisa. Nikazichapisha. Na nitakiri: nilizisoma. Mchapishaji akikuambia hasomi anachochapisha, usimwachie hata picha ya pasipoti.

Kurasa nyingi hazikuwa na shida. Mpira, mpira, mapishi, mpira, na nchi ni Rwanda. Lakini mwishoni, katika miezi miwili ya mwisho ya maisha yake, karibu kila Jumapili kuna filamu ile ile. Saa tisa na dakika nne inaanza, Rwanda. Saa tisa na dakika kumi na moja, Congo. Jumapili saba. Na Jumapili marehemu hakuwa na friji ya kutengeneza.

Nilitaka kusema mashine imeharibika. Lakini nikampa karatasi zote. Rula ilishuka mstari kwa mstari hadi ikafika pale, ikasimama.

"Jumapili Wellars hakuvukaka mupaka," akasema.

"Pengine wamekosea."

"Kisha misa mi naenda nyuma ya nyumba kupika maharage ya wiki. Yeye anabaki mu salon." Akaondoa rula. "Mi nilijua anabaki mu salon."

Alikunja karatasi akaondoka, akaacha kalamu yake nyekundu kwenye meza yangu. Mimi nikawaza ambayo kila mwanamume wa mji huu angewaza: fundi, Goma, milango mingi inayofunguliwa mchana. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimkasirikia Wellars kana kwamba yuko hai na namdai jibu, mtu aliyewahi kunitengenezea friji bila kuomba hata soda. Mungu anisamehe.

Siku kumi sikumwona Libérata. Nilifikiria kumpelekea kalamu, lakini ungempa mtu kalamu ukamwambia nini? Jumatatu iliyofuata akaingia mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akanisimulia.

Jana yake, Jumapili, alikuwa ameamua kuifunga akaunti, na hata zile karatasi tisa azitie motoni. Aliweka maharage jikoni, nyuma ya nyumba, akabeba na tableti ili asome jinsi ya kufunga huku akiangalia sufuria. Alipofika tu mlango wa jiko, tableti ikalia. Ujumbe: karibu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, na bei za kupiga simu ukiwa safarini.

Alisimama pale na tableti mkononi. Akarudi sebuleni: Rwanda. Akaenda jikoni: Congo.

Nyumba yao imekaa kwenye mteremko, mgongo umeelekea Goma. Ndani, ukuta unazuia mnara wa simu wa ng'ambo. Nje, hakuna kinachouzuia. Sote tunaoishi karibu na mpaka tunaujua upuuzi huu, tunautukana kila siku kwa kula vifurushi vyetu. Mimi mwenyewe nimewahi kukaribishwa Congo nikiwa chooni. Lakini karatasi ikishachapishwa na kupangwa kwa safu, mtu anaiamini kuliko akili yake. Na yeye simu yake huiacha chumbani anapopika, hakuwahi kukaribishwa popote.

Alizifungua zile kurasa, akanionyesha kwa kidole. Saa tisa na dakika nne, filamu inaanza. Inasimamishwa dakika ya sita. Saa tisa na dakika kumi na moja, Congo: filamu iko pale pale, dakika ya sita. Saa tisa na dakika ishirini, Rwanda, imezimwa. Jumapili inayofuata, kutoka mwanzo tena.

"Alikuwa anasimama ku mulango ya jiko na tableti," Libérata akasema. "Anasema, Libe, kuya tuangalie, imeanza. Mi namupa mugongo, nasema, niko nakuya."

Safari nzima ya Congo ilikuwa hatua kumi na nne. Alikuwa amezihesabu.

"Jumapili saba, Papa Mwiza. Alingoja dakika tisa, kisha anazima. Na mi sikukuya hata mara moja."

Hakulia. Mimi ndiye niliyeinama kutafuta kitu chini ya meza, na kilichukua muda kupatikana.

Jumapili hiyo hiyo alikuwa amekaa sebuleni, kwenye kiti cha Wellars. Alipoulizwa nani anatazama, kwa mara ya kwanza alibonyeza jina la mumewe. Filamu ilikuwa ikisubiri dakika ya sita. Alijua kwamba akiimaliza, haitaonekana tena kwenye orodha ya zinazongoja. Hilo nalo alikuwa amelisoma. Akaitazama yote, peke yake, kisha akamwandikia Akaliza kwamba anaweza kufunga.

Nikampa kalamu yake nyekundu. Nikauliza filamu yenyewe ilikuwaje.

"Mubaya," akasema. "Wellars angelala mbele ya nusu saa."

"Na maharage?"

Aliweka kalamu ndani ya mkoba, juu ya karatasi zake tisa, akaufunga.

"Niliacha ikaungua," akasema.