Msiba wa Nywele za Silantoi

Dada yangu Silantoi ni msusi hapa mtaa wa Sakina, kando ya barabara kuu ya Namanga, na kwa miaka kumi na moja bango la saluni yake lilikuwa kichwa chake mwenyewe. Wateja walikinyooshea kidole: "Nisuke hivyo." Kwa hiyo kichwa hicho kilipoanza kupukutika, alikuwa kama fundi magari anayesukuma la kwake.

Mwaka jana aliugua sonona. Ndugu wengine waliita uvivu, wengine mapepo; mimi niliyeishia nusu ya diploma niliita stresi, maana nusu ya diploma inakufikisha hapo tu. Saluni ilifungwa wiki tatu, yeye kageukia ukuta. Daktari akampa vidonge, kimoja kila asubuhi. Baada ya mwezi na kitu aliamka, akaoga, akanitukana kwa kutofagia. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, kwenye mto, hadi kwenye ugali. Daktari akasema huenda ni dawa, huenda ni mawazo yenyewe, ila asiache ghafla. Arudi waangalie dawa nyingine. Silantoi hakurudi. Alinunua wigi. Kila basi la Nairobi likipita kwa kasi, wigi lilitaka kwenda nalo Namanga.

Siku moja Prisca, mteja wake wa miaka yote, akauliza akiwa kitini, "Shoga, msusi na wewe unavaa wigi?"

Saluni nzima ilicheka, na Silantoi alicheka kuliko wote. Kesho yake nilikuta kidonge kwenye ndoo ya takataka. Siku iliyofuata, kingine.

"Msusi kipara atamsuka nani?" akaniambia. "Nimechagua nywele."

Jumapili ya tatu baada ya hapo hakuamka. Ukuta ulikuwa umempata tena.

Nikampigia mama. Yeyo, ndivyo tunavyomwita, akashuka kutoka kijijini Olkokola kwa bodaboda, kibuyu cha maziwa mapajani, kichwa kinang'aa. Ni Mwarusha wa zamani, ananyoa tangu aolewe. Shikamoo yangu aliijibu akiwa ameshafika kitandani.

"Hiki kipaka ni cha nani?" Alikuwa ameshika wigi kwa vidole viwili.

"Nywele zinaisha, yeyo," Silantoi akauambia ukuta.

"Zangu ziliisha kabla hujazaliwa. Baba yenu alikimbia?"

"Alikimbia," nikasema.

"Alikimbia mdomo wangu, hakukimbia kipara. Nyamaza wewe."

Akachanganya maziwa na maji kwenye bakuli, kama wanavyonyoana kwao siku za sherehe. Mimi maziwa yale nilishayapangia chai. Wembe ulipoanzia kwenye paji Silantoi analia. Ulipofika kisogoni anauliza kama kichwa chake kina umbo.

"Kina kona," nikamwambia.

Wakatoka kuota jua barazani, vipara viwili. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtaani kwetu mwanamke kunyoa ghafla ni kufiwa. Mama Anyesi, Mmeru muuza ndizi wa jirani, aliwaona, akapotea, akarudi na wamama watano wa jumuiya, kilo mbili za sukari, na pambio lililoanzia getini.

"Pole mwanangu! Nani ametutoka?"

Silantoi alimtazama. "Nywele, Mama Anyesi. Zimetangulia."

"Mungu wangu! Ziliugua?"

"Aliyeugua ni mimi. Naumwa kichwani, nina dawa, nikaziacha ili nywele zirudi. Nimerudi kitandani mimi, nywele hazijarudi."

Pambio likakatika. Hakuwahi kulisema hilo mbele ya watu. Elinipa, mmoja wa wale watano, mwimbaji wa sauti ya pili, akauliza polepole, "Dawa zako ni za kulala au za kuamka?"

"Za kuamka."

"Mimi zangu zilininenepesha. Nikadhani mtaa mzima ni mimi peke yangu."

Sukari hatukuirudisha. Jumatatu yeyo alimpeleka kwa daktari, akaketi mlangoni mpaka dawa ikabadilishwa.

Wiki iliyofuata Silantoi alikuwa mzito bado, ila amesimama, kipara wazi, anamsuka Prisca. Prisca hakujua aangalie wapi, akaangalia sakafu. Saa tatu asubuhi kengele ya dawa ikalia kwenye simu. Mikono ya Silantoi ilikuwa imejaa rasta.

"Prisca, fungua hiyo droo. Kidonge kimoja. Nitie mdomoni."

Prisca akamwekea, akamnywesha na maji.

"Asante. Sasa inamisha kichwa, unanichelewesha."