Pundamilia Wapite Kwanza

Asubuhi ile Yuditha aligombana na ng'ombe kabla hajagombana na mtu. Ng'ombe alipiga teke ndoo, maziwa yakamwagika. "Haya," akamwambia, "leo utakula mabua, na usinitazame." Kisha akacheka peke yake. Akampashia mumewe Ebenezeri kiburu cha jana, ndizi na maharage, akanoa mundu kwenye jiwe la mlangoni, akajifunga kanga kiunoni.

"Baba Vero, chai iko kwenye chupa. Usimpe Thadeus."

"Akija?"

"Akija apewe maji."

Ebenezeri akaguna. Mkewe akateremka barabarani kusubiri pikapu ya Himo pamoja na wanawake wenzake. Ebenezeri hakumtazama akienda. Nani humtazama mtu anayekwenda kukata majani?

Marangu kihamba, shamba la nyumbani, kimejaa migomba na kahawa, majani ya kumtosha ng'ombe hakuna. Wanawake huyafuata tambarare, ambako kila ukoo una shamba lake la mahindi. Shamba la akina Ebenezeri lilipasuliwa katikati na ukanda usiolimwa. Kila mwaka kiangazi kikishika, pundamilia na kongoni hutoka upande wa Kenya, hupita hapo kufuata maji. Mvua zikirudi, nao hurudi. Yuditha alipoolewa, mama mkwe alimshusha mpaka pale akamwambia, hapa jembe halishuki. Akalishika neno hilo kama amri ya kumi na moja. Mwaka wa njaa watu walimshauri alime hapo hapo. Aliwajibu maneno ambayo mchungaji alipoulizwa hakutaka kuyarudia.

Baba mkwe alipokufa, ukanda ukaangukia fungu la Thadeus, mdogo wake Ebenezeri. Mwaka huu Thadeus akauziba kwa seng'enge. Juu ya hayo akapanda masale, yale majani marefu ya mpaka ambayo Mchaga hayang'oi wala hayaruki.

Siku aliyoiona, Yuditha alimfuata pale pale, mundu mkononi.

"Shemeji, umeziba njia."

"Nimezungushia changu. Na hayo ni masale. Nani atavuka masale?"

"Sale linamzuia mtu. Pundamilia hakuzaliwa Marangu."

"Basi wafungulie kanisa, wakasali."

"Wangekuja. Na kwaya ingepona, maana wao hawaimbi kama wewe."

Wanawake wenzake wakacheka mpaka mizigo ya majani ikaanguka. Thadeus hakucheka. "Mwanamke wa kuolewa hanionyeshi mpaka wa baba yangu," alisema, akatema mate karibu na miguu yake. Tangu hapo nyumba mbili zilizotengwa na mstari wa migomba hazikupeana hata moto.

Ebenezeri hakuchagua upande. Huyu mke, yule ndugu.

Basi asubuhi ile ya maziwa kumwagika, wanyama walikuja. Vumbi lilitangulia. Wa mbele walikuta seng'enge wakarudi nyuma, wa nyuma wakawasukuma, kundi lote likageukia nyasi ndefu walimokuwa wanawake. Wenzake walikimbilia pikapu. Yuditha alikuwa ameinama akifunga mzigo, wakampitia.

Hospitali walisema mbavu, na kitu ndani. Ebenezeri alikaa upande mmoja wa kitanda, binti yao Veronika upande wa pili.

"Nitamuua," Ebenezeri alisema.

Yuditha akamvuta mkono. Alizungumza kidogo sikioni mwake, pumzi ikimkatikia. Hakufika kesho.

Walimzika kihambani. Thadeus hakusogea kaburini, alisimama nyuma ya migomba kama mgeni asiyekaribishwa, na kweli hakuna aliyemkaribisha. Matanga yalipokwisha, akaja mlangoni na wazee wawili. Mkononi alishika sale lililofungwa fundo. Mtu akikuletea sale anaomba msamaha, na kulikataa ni kuita mkosi nyumbani. Kila mtoto wa mlimani analijua hilo.

Ebenezeri aliweka mikono nyuma.

"Kaka, sale hili."

"Naliona."

"Lipokee basi."

"Siyo hapa."

"Baba!" Veronika alilia. "Sale halikataliwi!"

"Nimelikataa?" Akaingia ndani, akatoka na koleo ya kukatia waya, akamtupia Thadeus miguuni. "Utanipa nikiwa upande wa pili wa seng'enge yako. Ikate wewe mwenyewe."

"Na masale niliyoyapanda? Hayang'olewi yale."

"Aliyepanda atang'oa."

"Mila gani hiyo?" mzee mmoja aliuliza kwa ukali. "Nani kasema?"

Ebenezeri si mtu wa maneno. Alimtazama mdogo wake mpaka mdogo wake akainama akaokota koleo. Kisha akawapa maneno ya Yuditha, kama alivyomnong'oneza kitandani, na Veronika naye akayasikia kwa mara ya kwanza:

"Sale akilileta usilikatae, Baba Vero, utatuletea mkosi. Ila usilipokee mlangoni. Aje nalo kule njiani, na pundamilia wapite kwanza."