Verlin Stodd Juu ya Mzani

Kwa miaka thelathini na mmoja Verlin Stodd alipima malori kwenye ghala la nafaka la mji wao mdogo wa Nebraska, na hakuna mkulima aliyewahi kumpitishia hata ratili kumi za ziada. Lori likizidi, alitoa kichwa dirishani na kusema maneno mawili tu: "Mwaga, rudi." Watu walimchukia kidogo, wakamwamini sana.

Siku aliyonunua trela ya kuishi hakupima kitu. Mkewe Arlis, ambaye mapafu yake yalikuwa hayawezi tena baridi, alijilaza kwenye kitanda cha mle ndani, akafumba macho, akapumua bila kukohoa. Verlin akawa anamtazama yeye. Muuzaji akasema pikapu yao itaivuta bila shida, akaonyesha uzito kwenye karatasi. Verlin akatia sahihi. Ule ulikuwa uzito wa trela tupu. Yeye, ambaye hata usingizini angekutofautishia lori tupu na lililojaa!

Sasa Oktoba ilikuwa inaisha. Asubuhi ile walikuwa wamewakabidhi wenye nyumba wapya funguo, na mbele yao ilikuwa safari ya Arizona, kwenye hewa kavu ya joto. Lakini pikapu ilikuwa imechuchumaa nyuma, pua juu. Verlin akashindwa kujifanya hajaona. Akaipandisha kwenye mzani wa ghala.

Joleen, mama aliyerithi kazi yake, akachungulia. "Mzee, ekseli ya nyuma ya pikapu imezidi ratili mia nne na kumi."

"Injini inavuta vizuri."

"Injini haina neno. Mgongo ndio hauwezi kubeba. Si wewe ndiye uliyenifundisha?"

Nyuma yao Dwight Oster alipiga honi kwenye lori lake la mahindi. "Mwaga, rudi, Verlin! Au sheria ilikuwa ya kwetu tu?"

Foleni nzima ikacheka. Verlin akashuka. Akafungulia maji ya tangi la trela yote yakamwagika, akaanza kushusha vitu: mashine ya kuchomea vyuma, cherehani ya Arlis, jenereta. Kwenye jenereta Dwight aliacha kucheka, akaja kushika upande wa pili. Wakapima tena.

"Bado imezidi mia na sitini," Joleen akasema, polepole.

Vilivyobaki vilikuwa mashine ya oksijeni, mitungi yake, nguo, na wao wawili.

"Basi nishushe mimi," Arlis akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Kilipomwachia akasema, "Twende tu, Verlin. Nani atatuona?"

"Njiani kuna milima. Breki hazitatushika."

"Na hapa kuna theluji."

Verlin akarudi kwenye usukani, na safari hii Dwight hakupiga honi. Kisha akakata kona. Hakuelekea barabara kuu, alielekea nyuma ya ghala, mahali pekee ambapo Joleen angeweza kumruhusu kuegesha. Akazuia magurudumu kwa magogo, akaichomoa trela kwenye pikapu.

Vumbi la mahindi lilikuwa linashuka pale mchana kutwa, jepesi, la manjano. Verlin akafunga madirisha yote, akaanza kuziba nyufa kwa utepe.

"Mpaka lini?" Arlis akauliza kutoka kitandani.

"Mpaka nipate pikapu kubwa."

"Utaipata wapi?"

Akakata kipande kingine cha utepe, akakibandika, akakikandamiza kwa dole gumba mpaka kikashika.